Kauli ya Mchungaji katika Tafsiri

Husemwa kwamba As You Like It, tamthilia aliyoiandika Shakespeare karibu na mwaka 1600, inadumu kwa sababu ya uzuri wa msitu wake. Dai hilo halitoshi. Kinachoidumisha ni kauli ya Corin, mchungaji wa kondoo wasio wake, ambaye sufu yao haimfikii, lakini anamjibu kwa hoja mcheshi wa kasri anayembeza. Miyuji, ukingoni mwa mji wa Dodoma, ambako ofisi na malisho ya Ugogo hupakana, mtu wa namna hiyo hahitaji kufafanuliwa. Mfasiri atakayempa Corin Kiswahili kibovu ili achekwe ataua kichekesho chenyewe, kwani anayestahili kuchekwa hapo ni mwenye dharau. Corin apewe Kiswahili fasaha, chenye msamiati kamili wa wafugaji.