Karlyn Kohrs Campbell na hotuba zilizosahauliwa
Karlyn Kohrs Campbell anastahili kutajwa kwa kirefu. Mwaka 1972 mtaalamu huyu wa balagha wa Marekani alibishana na mwenzake, Forbes Hill, kuhusu hotuba ya Rais Nixon ya Novemba 3, 1969 juu ya vita vya Vietnam. Hill alipima ufundi wa kushawishi. Campbell alisisitiza kwamba ukweli wa msemaji nao upimwe.

Kazi yake kubwa ilitoka 1989: Man Cannot Speak for Her, juzuu mbili. Ya kwanza inachambua harakati za wanawake. Ya pili imekusanya maneno yao wenyewe, wakiwemo Elizabeth Cady Stanton na Ida B. Wells, aliyepinga mauaji ya Wamarekani Weusi mikononi mwa makundi ya Wazungu.

Walimu wa balagha, anzeni na juzuu ya pili.