Miguu Baridi Si Uzee Pekee

Nimeisoma kwa makini makala ya ndugu yetu aliyedai kuwa miguu isiyopata joto ni alama ya uzee tu, na kwamba dawa yake ni kuitia katika maji ya moto; nami, kwa heshima zote, nasema kuwa rai hiyo ni ya hatari. Hapa Migori, na kule Homa Bay kandokando ya Ziwa Victoria, ambako jua haliadimiki, nyayo zikidumu katika baridi usiku na mchana haifai kuilaumu hali ya hewa, bali yatupasa kuulizia kisukari, upungufu wa damu, kuzibika kwa mishipa ya damu kwa sababu ya tumbako, udhaifu wa tezi ya shingo, ama kudhurika kwa mishipa ya fahamu, dhara ambalo virusi vya Ukimwi huweza kulileta, na ambalo wengi waliachiwa na stavudini, dawa ya Ukimwi ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Ama hayo maji ya moto, mwenye kisukari aliyepotewa na hisia huungua pasipo kujua, na kidonda kikampokonya mguu. Basi, ewe msomaji, mwendee tabibu akupime sukari na damu kabla hujainjika maji.