Kabla ya kumtumia fundi pesa, shuka uangalie chumba cha chini

Ukipanda na matatu kutoka Mwatate hadi Wundanyi, angalia nyumba za kwenye mteremko. Upande wa juu mtu anaingia sebuleni moja kwa moja kutoka njiani. Upande wa chini kuna nafasi chini ya sakafu, imezungushiwa mawe, ina mlango wa mbao na kufuli. Humo ndimo kuna kuni, majembe, magunia ya mahindi, na ile baiskeli ambayo hakuna anayeipanda tena.

Wenzetu wa Marekani na Kanada wana besimenti kwa sababu ya baridi. Msingi wa nyumba lazima ushuke kupita udongo unaoganda wakati wa theluji, na ukishachimba kiasi hicho, afadhali upate chumba. Sisi huku tunapata chumba cha chini kwa sababu ya mlima. Na siku hizi karibu kila familia yenye nafasi kama hiyo ina wazo moja: tuitengeneze iwe bedsita, tupangishe mwalimu, au muuguzi wa hospitali ya Wesu, au mtu wa kaunti.

Wazo si baya, na hatuandiki kulikataa. Ila tunafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu, na tunaona jinsi pesa ya mjengo inavyotoka. Maoni yetu ni haya: pesa nyingi ya chumba cha chini hupotea bila mtu yeyote kuiba. Inapotea kwa sababu kutuma ni rahisi kuliko kupanga. Na urahisi huo, tuseme ukweli, ni sisi tulioutengeneza.

Yaliyotokea nyumbani kwa mmoja wetu

Mmoja wetu hapa afisini kwao ni Wundanyi. Baba yao alijenga nyumba na kuacha nafasi ya chini kama stoo. Baada ya baba kufariki, watoto watatu walikutana nyumbani Desemba, wakakubaliana: tutengeneze chini, mama apate kodi kila mwezi badala ya kungoja tumtumie. Mmoja anafanya kazi Mombasa, mwingine Nairobi, mwingine yuko Doha. Fundi alipatikana palepale kijijini, mtu wanayemfahamu tangu utotoni.

Hakuna aliyeandika bajeti. Kwani bajeti ya nini, na kila mtu ana simu? Fundi akisema simiti imeisha, mmoja anatuma. Akisema lori la mchanga limefika, mwingine anatuma. Mama akipigiwa simu na kuulizwa, "Mama, kazi imefika wapi?" anajibu, "Mwanangu, wanaendelea vizuri, lakini vibarua hawajala." Basi hapo pesa ya chakula inatumwa pia.

Kazi ilianza kwa kusuasua, ikafika Oktoba ukuta wa nyuma ukiwa umechimbwa na haujajengwa. Mvua ya vuli ikafika. Maji yakatoka mlimani yakapitia kwenye udongo ule uliochimbwa, yakajaza chumba hadi magotini. Magunia manne ya mahindi yaliyokuwa yamesogezwa pembeni yakalowa.

Waliposhtuka, kila mmoja alipakua taarifa ya miamala yake, wakakaa wakajumlisha. Shilingi 137,500. Kati ya hizo, 61,000 zilikuwa za vifaa, 48,500 za ufundi na vibarua, na 28,000 za yale mambo madogo: usafiri, chakula, kuondoa udongo, "nitumie kidogo ya dharura." Kwa ajili ya maji, yaani mtaro, bomba, kokoto za nyuma ya ukuta, hapakuwa na hata shilingi moja.

Fundi hakuwa mwizi. Kila alichoitisha alikitumia. Tatizo ni kwamba watu watatu walikuwa wakilipia kitu ambacho hakuna hata mmoja alijua kitagharimu ngapi.

Anza na maji, rangi baadaye

Ukitaka tukupe ushauri mmoja tu, ni huu: usichimbe kitu kabla ya kupitisha msimu mmoja wa mvua ukiangalia. Mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha, shuka chini na tochi. Ukuta gani unalowa? Maji yanatoka sakafuni au juu? Maji ya paa yanaangukia wapi? Piga picha, andika tarehe. Hiyo kazi haina gharama, na ndiyo itakayokuambia bajeti yako ni ya kiasi gani.

Maji ya mlimani hayazuiwi kwa rangi wala kwa plasta. Yanapewa njia. Kwanza gata za paa zinazopeleka maji mbali na nyumba. Pili mtaro upande wa juu, wenye bomba la matundu na kokoto, ili maji yapite kando badala ya kusukuma ukuta. Tatu nailoni nzito chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege. Ukiruka hatua hizi, plasta mpya itapendeza Januari, na Mei itakuwa inabanduka.

Halafu kuna msingi. Ukitaka kuongeza kimo cha chumba kwa kuchimba sakafu, unachimba karibu na kile kinachobeba nyumba nzima. Hapo usimtegemee fundi pekee, hata awe hodari vipi. Lipa mtu aliyesomea mambo ya mjengo aje aangalie. Na kugeuza stoo kuwa nyumba ya kupangisha kunahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi. Pia muulize fundi kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Wengi huona hizi kama gharama za bure. Sisi tunaona ni ndogo ukilinganisha na kujenga ukuta mara mbili.

Bajeti yenyewe

Tuchukue mfano wa chumba cha futi 10 kwa 12. Hesabu hizi ni za kukuonyesha mpangilio tu, bei za kwako utaziulizia mwenyewe:

Ukaguzi na idhini: 20,000.
Maji, yaani mtaro, bomba, kokoto, nailoni na gata: 45,000.
Kuchimba na kuondoa udongo: 25,000.
Ukuta, sakafu, dirisha na mlango: 70,000.
Choo na maji taka: 25,000.
Stima: 15,000.

Jumla ni 200,000. Ongeza asilimia 20 ya dharura, yaani 40,000. Sasa ni 240,000.

Ukiulizia bei, uliza bei ya kitu kikiwa mlangoni kwako. Simiti ya Voi si simiti ya Wundanyi, kwa sababu lori lazima lipande zile kona zote. Na lori likifika barabarani bado nyumba iko mbali, kwa hivyo kuna vibarua wa kubeba mfuko mmoja mmoja kwenye kijia. Hiyo pesa ya kubeba ndiyo watu husahau, na ndiyo inayorudi baadaye ikiitwa dharura.

Sasa weka kodi upande wa pili. Tuseme chumba kitaleta 4,000 kwa mwezi. Gawanya 240,000 kwa 4,000, unapata miezi 60. Ni miaka mitano kamili kabla ya kupata faida ya shilingi moja, na hapo mpangaji hajakosa hata mwezi mmoja. Kikikaa bila mtu miezi miwili kila mwaka, inakuwa miaka sita.

Hatusemi usijenge. Miaka sita si mingi kwa nyumba ya mawe. Lakini ukishaona hiyo hesabu, utaelewa kwa nini tunasema jambo linalofuata, hata kama kampuni kama zetu zinapata pesa kutokana nalo.

Usijengee mkopo wa simu

Chukua mkopo wa siku 30 wa shilingi 50,000 wenye ada ya asilimia 7.5. Ada peke yake ni 3,750. Yaani mwezi mmoja wa mkopo umekula karibu kodi yote ya mwezi mmoja, kabla chumba hakijapata hata mlango. Ukishindwa kulipa kwa siku 30 ukakopa tena kufunika, umeanza kupangisha chumba kwa ajili ya mkopo.

Mkopo wa simu una kazi yake. Mtoto akiugua usiku, au mkulima akihitaji nauli ya kupeleka kabichi Kongowea na pesa inarudi wiki hiyohiyo, sawa. Kitu kinachorudisha pesa kwa miaka sita hakilipiwi na mkopo wa siku thelathini. Afadhali uweke akiba iliyofungwa, ujenge kwa awamu. Mwaka huu maji, mwaka ujao sakafu na ukuta, mwaka wa tatu choo na stima. Awamu ya maji ikiisha, hata ukikwama hapo, nyumba yako iko salama zaidi kuliko ilivyokuwa.

Namna ya kulipa

Familia iteue mtu mmoja wa kushika pesa na mwingine wa kuangalia kazi. Mshika pesa asiwe fundi. Vifaa vilipwe moja kwa moja kwa namba ya kulipia ya hadiwea, hata kama uko Doha, kisha mtu wa nyumbani ahesabu mifuko ikishuka. Ujumbe wa malipo unakaa kama risiti, na duka haliwezi kusema hukulipa.

Fundi alipwe kwa kazi iliyokwisha. Mkubaliane hatua nne au tano kwa maandishi, hata kwenye ujumbe wa simu: mtaro ukiisha kiasi hiki, sakafu ikikauka kiasi hiki. Mpe kianzio kidogo, kwa maana naye ana watoto na hawezi kuanza kazi na njaa, lakini kubwa ibaki mwisho. Usigawanye sana pia, kwa sababu kila ukituma na kila akitoa kuna ada.

Na tafadhali kumbuka hili. Ukituma pesa kwa namba uliyokosea, tupigie haraka, kuna utaratibu wa kujaribu kuirudisha. Lakini ukituma kwa namba sahihi na kazi ikafanywa vibaya, hakuna kitufe cha kurudisha. Kila wiki tunapokea simu za namna hiyo, na jibu letu halimfurahishi mtu.

Jambo lingine ni la wazazi wetu. Mama asimpe fundi simu "anisaidie kutoa." Namba ya siri ni ya mama peke yake.

Na kama hesabu haikubali?

Basi iache iwe stoo, lakini iwe stoo kavu. Kwa maoni yetu hiki ndicho kitu watu hawakipi heshima inayostahili. Kila mtu anataka mpangaji, na wakati huo mahindi ya nyumba nzima yamelala juu ya sakafu yenye unyevu. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo inaweza kutoa aflatoksini. Mwaka wa 2004, Makueni, jirani zetu wa kaunti, pamoja na Kitui na maeneo mengine ya Ukambani, sumu hiyo ya mahindi iliua watu 125. Ile 45,000 ya maji tuliyoiandika hapo juu, pamoja na mbao za kuinua magunia, inaweza kuwa ndiyo pesa bora kabisa utakayotumia kwenye nyumba yako, na haitakuletea kodi hata siku moja.

Na ukipangisha, fikiria yule atakayelala humo. Wundanyi Julai ni baridi, na mpangaji ataingiza jiko la makaa ndani ajipashe joto. Chumba cha chini chenye mlango mmoja na dirisha dogo lisilofunguka kinaweza kumuua usingizini. Ukiona bajeti imekaza na unataka kupunguza kitu, punguza rangi, punguza vigae. Dirisha usiliguse.

Ile familia ya mwenzetu bado haijamaliza chumba. Walikaa Januari wakaandika karatasi moja, wakaibandika jikoni kwa mama. Mtaro umekwisha, na mvua ya masika imepita bila tone kuingia. Kiasi kinachofuata ni cha sakafu, na hakitatumwa mpaka kitimie chote kwenye akiba. Mama ameanza kuwaambia majirani kwamba watoto wake wamekuwa wagumu wa pesa. Sisi tunaona wamejifunza.

Jioni hii, kabla hujafungua simu kutuma chochote, chukua karatasi, mpigie aliye nyumbani, na umuombe ashuke chini na tochi.