Kabla ya kuuza mtamba kwa ajili ya kioo cha kompyuta

Mama mmoja wa Tlawi, kule Mbulu, alikuwa ameshapatana bei na mnunuzi. Mtamba wake angeuzwa wiki hiyo, na fedha zingekwenda Arusha kununua runinga ya 4K ya inchi 43, ili kijana wake aitumie kuhariri picha. Kijana ndiye mpiga picha wa pale kijijini: harusi, ubatizo, picha za pasipoti na zaidi ya yote kipaimara, maana huko kipaimara ni shughuli ya ukoo mzima.

Kipaimara ndicho kilicholeta balaa. Picha zilirudi kutoka mjini, zilikoprintiwa, zikiwa na giza. Nguo nyeupe za watoto zilionekana, nyuso hazikuonekana. Wazazi wakadai fedha zao, na bibi mmoja akauliza mjukuu wake yuko wapi humo.

"Mama, kioo changu ni kidogo, hakina pikseli za kutosha," kijana alijitetea.

"Mwanangu, kwenye hicho kioo nyuso ulikuwa unaziona?"

"Nilikuwa naziona vizuri kabisa."

Hapo ndipo penye jibu, ingawa wote wawili hawakulishika mara moja. Kioo kilichoonyesha nyuso zenye mwanga wakati hazina mwanga hakikupungukiwa pikseli. Kilikuwa kinamdanganya. Laptopu ikiwekwa mwanga wa juu kabisa, kila picha huonekana angavu. Mhariri haongezi kitu, pengine hata anapunguza. Karatasi haina taa ndani yake, kwa hiyo yote aliyoyaona yanabaki kwenye kompyuta. Uso mweusi kando ya shela jeupe ndio unaoumia kwanza, kwa sababu kamera nayo, ikiona weupe mwingi, huwa inapunguza mwanga wa picha nzima.

Sasa hizo pikseli, maana ndizo zinazotangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kioo cha kawaida kina pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2. Cha 4K kina 3840 kwa 2160, zaidi kidogo ya milioni 8. Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina milioni 24. Kwa hiyo hata mwenye 4K bado analazimika kuvuta picha karibu ili aone kope za bibi harusi. Tena pikseli milioni 8 zikitandazwa kwenye runinga ya inchi 43 zinakuwa kama 102 kwa kila inchi, wakati kioo cha inchi 27 chenye 2560 kwa 1440 kina kama 109. Runinga ile kubwa, kwa mtu aliyekaa mezani, ingekuwa na picha isiyokaza kama ya kioo kidogo. Na runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimekolezwa rangi ili zipendeze dukani. Mboga zinang'aa, ngozi za watu zinageuka chungwa.

Mzazi anayetoa fedha ya kifaa hiki aulize mambo mengine kwanza. Aulize kama kioo ni cha aina ya IPS, ambacho rangi zake hazibadiliki sana mtu akisogeza kichwa. Aulize kinaonyesha sRGB kwa asilimia ngapi. Kikifika karibu 100, kinatosha kwa kazi za kuprinti za mtaani. Inchi 24 zenye pikseli za kawaida zinafaa kuanzia. Inchi 27 zenye pikseli hizohizo za kawaida hazifai, herufi na nywele zinaonekana zimechakaa. Kama laptopu ni ya zamani, 4K inaweza kuizidi nguvu: tundu lake la HDMI mara nyingi hupeleka 4K kwa mwendo wa picha 30 tu kwa sekunde, na mshale wa mausi unakwenda kwa kusitasita.

Kilichotumika si aibu, ila kijana aende dukani na flashi yenye picha aliyokwisha kuprinti, na karatasi yenyewe mkononi. Afungue picha, ailinganishe na karatasi, akitazame kioo kutoka kushoto, kulia na juu. Afungue ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi mtupu. Madoa na pikseli zilizokufa hujionyesha hapo. Fedha inayobaki inunue kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, kwani umeme ukirudi kwa kishindo hauchagui kioo cha bei gani.

Yule kijana alianza na lisilo na gharama. Alishusha mwanga wa laptopu, akageuza meza isitazamane na dirisha, akahariri upya picha moja ya kipaimara na kuituma ikaprintiwe peke yake. Ilirudi uso ukionekana, ingawa rangi bado haikukaa sawa. Wakakubaliana kununua kioo cha IPS cha inchi 24 kilichotumika, nusu kwa akiba yake na nusu kwa fedha ya vitunguu saumu vya mama. Mama aliweka sharti moja: kazi ya kwanza ya kioo hicho iwe kurudia picha zote za wale watoto bila malipo, akianza na ya mjukuu wa yule bibi.

Mtamba bado yuko zizini.