Sarufi Isizikwe Ndani ya Msimbo

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kuchora matawi ya KN na KT ubaoni huenda akashangaa kusikia kwamba kazi iyo hiyo hufanywa na kompaila, yaani programu inayofasiri lugha ya programu hadi lugha ya mashine. Kwanza leksa huikata matini kuwa tokeni. Kisha kichanganuzi huziunganisha tokeni hizo kuwa mti kwa kufuata kanuni za sarufi. Si lazima sehemu hizi mbili ziandikwe kwa mkono. Tangu maabara ya Bell nchini Marekani ilipochapisha taarifa za Lex na Yacc mwaka wa 1975, mtaalamu anaweza kuandika kanuni tu, na zana ikamzalishia msimbo.

Hapo ndipo utata huanzia. Yacc ililelewa katika lugha ya C, na msimbo wake hutegemea vigeu vinavyoonekana na programu nzima, ilhali mradi wa leo hujengwa kwa objekti, kila moja ikijihifadhia siri zake. Vichanganuzi viwili vya namna hiyo vikitiwa katika programu moja, majina yao hugongana. Kweli, Bison, mrithi wa Yacc, ina njia ya kuyabadilisha majina hayo, na hata ya kuzalisha kichanganuzi kikiwa klasi ya C++. Lakini tatizo kubwa si majina. Ni mazoea ya kurundika kazi zote za semantiki ndani ya faili la sarufi: ukaguzi wa aina za data, uzalishaji wa msimbo, hata ujumbe wa makosa. Faili likishafurika hivyo, kanuni hazisomeki tena, na mwanaisimu ambaye angeweza kuzirekebisha hufungiwa nje.

Afadhali kichanganuzi kijenge mti pekee, kila kifundo kikiwa objekti ya klasi yake (neno ngeli lingefaa sana hapa, ila wanakompyuta hawajashawishiwa). Mengine yafanywe na klasi za nje zinazoutembelea mti huo. ANTLR 4 ya Terence Parr, iliyotoka mwaka wa 2013, ilifuata mkondo huu.

Ichukuliwe lugha ya programu yenye maneno ya Kiswahili: "Kama A, kama B, fanya C, la sivyo fanya D." Je, "la sivyo" inajibu "kama" ipi? Yacc hutoa onyo la mgongano, kisha huiambatisha na "kama" iliyo karibu. Huo ni uamuzi wa kisarufi, na kila msomi wa sintaksia ana la kusema juu yake, mradi auone. Ukizikwa katikati ya mistari mia ya C++, hakuna wa kuuhoji.

Wapo watakaodai kwamba zana hizi zimepitwa na wakati, kwani GCC yenyewe ilikiacha kichanganuzi cha C++ kilichozalishwa na Bison, ikaandika kingine kwa mkono katika toleo la 3.4 la mwaka wa 2004. Ni kweli. Hata hivyo, C++ ni lugha yenye sarufi ngumu mno, na kazi ile ilifanywa na wajuzi waliobobea. Mradi wa wanafunzi watatu wa shahada ya kwanza hauna watu hao. Una muhula mmoja, na sarufi itakayobadilika mara kadhaa kabla muhula haujaisha.