Mgeni katika Mji wa Guangzhou

Vijana wa Itetemia wanaotaka kwenda China kununua bidhaa hutuuliza, je, huko tulikula nini? Ndugu wasomaji, swali lao ni la haki. Kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 baada ya kupanga chumba kulikuwa kwepesi. Tabu ilikuwa chakula. Siku tatu tulikula matunda na mayai ya kuchemsha, kwa kuchelea mafuta ya nguruwe. Siku ya nne tukaona neno "halali" kwa herufi za Kiarabu juu ya mlango wa mkahawa. Tukatoa salamu. Mzee mpika tambi, Mwislamu wa kabila la Hui, akaitikia kwa ukamilifu, wala hatukuwa na neno jingine la kuzungumza naye. Ijumaa yake akatuongoza hadi Msikiti wa Huaisheng.