Kona ya Mwalimu: Samaki Wakifungua Kinywa Alfajiri, Si Njaa

Juma hili ninaacha kidogo mambo ya masomo. Nitaongea juu ya bwawa la samaki, na juu ya kosa nililofanya mimi mwenyewe.

Kikundi kimoja cha wamama hapa kwetu, katika milima ya juu ya Bukavu, kilichimba bwawa kwa salongo, mita 20 kwa mita 10. Feza ya kununua watoto wa tilapia 400 ilitoka katika likelemba. Kila mama alijua samaki wake watamsaidia wapi: huyu masomo ya mtoto, yule deni la duka.

Asubuhi moja, saa kumi na moja, mama mmoja akagonga mlango wangu. "Mwalimu, samaki wako juu ya maji, wote wanafungua kinywa. Wanaomba chakula!" Kwa sababu nina diploma, watu wanafikiri ninajua kila kitu. Nami nikajibu haraka: waongezeeni pumba, na mavi ya dende kidogo pembeni. Ilipofika saa mbili tulihesabu samaki 63 waliokufa. Na waliokufa walikuwa hasa wale wakubwa.

Wamama, samaki wale hawakuwa na njaa. Walikosa hewa, na sisi tukawaongezea shida.

Samaki anapumua oksijeni iliyo ndani ya maji. Muchana, jua linapowaka, majani madogo sana yanayofanya maji kuwa ya kijani yanatoa oksijeni nyingi. Usiku jua halipo, hayatoi tena, nayo yanaendelea kupumua kama sisi. Samaki wanapumua, mbolea inayooza inakula oksijeni vilevile. Wote wanachota katika chungu kimoja bila mtu wa kukijaza. Ndiyo maana chungu kinakaribia kuwa kitupu alfajiri, mbele ya jua kutoka. Pumba na mavi tuliyotupa vilianza kuoza na kumaliza kile kidogo kilichobaki.

Tuna mfano mkubwa mbele ya macho yetu. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, lakini oksijeni inapatikana katika mita 60 hivi za juu tu. Maji ya chini ni mazito, hayapandi kuchanganyika na yale ya juu, na yamejaa gazi. Samaki hawezi kuishi kule. Sambaza tunazonunua sokoni zinatoka katika maji ya juu, pale upepo unapotikisa ziwa. Maji yasiyotembea hayana uzima, hata yakiwa mengi namna gani.

Tulipotazama bwawa letu vizuri, tuliona mambo mawili. Tiyo ya kuleta maji ilikuwa imezama, maji yanaingia kimya bila kukutana na hewa. Tena njia ya kutokea ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Maji mapya yalikuwa yanaingia na kutoka papo hapo, na upande wa pili wa bwawa haukuyaona hata kidogo.

Haya ndiyo tuliyofanya, nanyi munaweza kuyafanya bila feza nyingi.

Kwanza, tulipandisha tiyo mpaka karibu sentimita 50 juu ya maji. Mdomoni tulifunga bidoni kuukuu iliyotobolewa kwa msumari, maji yaanguke kama mvua. Kila tone linaloanguka linaingia na hewa yake.

Pili, tulihamisha njia ya kuingia, ikawa upande mmoja, na ya kutoka upande mwingine. Sasa maji yanavuka bwawa lote mbele ya kutoka.

Tatu, tulitengeneza maji ya chini yatoke, maana ndiyo mabaya. Ile tiyo iliyosimama ya kutoa maji tuliivalisha tiyo nyingine pana zaidi, yenye matundu kule chini, na kichwa chake kimepita juu ya maji. Maji yanayotoka yanavutwa kutoka chini, yale mazuri ya juu yanabaki.

Hata watu wa mijini wanaofuga samaki wa maji ya chumvi katika sanduku la kioo wanafuata sheria hiyo. Wanaweka mashine ndogo ya umeme kusudi uso wa maji utikisike na pembe yoyote isilale. Sisi hatuna umeme, lakini tuna mteremko wa mlima.

Lakini musifungue maji mengi usiku na muchana. Maji ya kijani ni chakula cha tilapia, na mkondo mkubwa unayabeba yote. Tena maji ya mlima ni baridi, na tilapia katika baridi hakui vizuri. Siku za kawaida fungueni kidogo tu, ya kujaza yaliyopungua. Mukiona dalili ya shida, fungueni sana.

Kuna kipimo kisichoombea makuta. Ingiza mkono wako katika maji, kiganja kikiwa wazi. Kama kiganja kinapotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, ni vizuri. Kama kinapotea mbele ya maji kupita kifundo cha mkono, kijani kimezidi: acheni mbolea kwa siku kadhaa. Kama matope ndiyo yanaficha mkono, kipimo hiki hakifai siku hiyo.

Na alfajiri mukikuta vinywa juu ya maji? Musitupe chakula. Fungueni tiyo yote. Kama maji ya kijito ni machache, shikeni ndoo na mabeseni, muchote maji ya bwawa na kuyamwaga tena kutoka juu, mpaka jua lipande na samaki washuke.

Wale waliobaki tuliwavua mbele ya Septemba. Hawakutosha mahitaji yote tuliyopanga, lakini watoto waliingia masomoni. Yule mama aliyegonga mlango bado anapita bwawani kila alfajiri. Siku hizi, akiona jambo, anafungua tiyo kwanza, kisha anakuja kuniamsha. Amekuwa mwalimu kunipita.

Kikundi chenye bwawa kipime mkono juma hili, na mutuletee habari siku ya mkutano.

Mwalimu wenu